Nianze na Upi?

"Dada, nianze na upi?"

Aliyeuliza ni kijana mwenye pawa, msumeno wa injini, begani na kidumu cha petroli miguuni. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba yetu ya Kisauni. Bei tulishapatana kwa simu tangu Jumatano. Nilimwambia minazi imesongamana, imegeuka msitu, nataka ipungue, na kwa simu niliyasema hayo kwa ushujaa mkubwa. Sasa alikuwa mbele yangu, kamba ya kuwashia mkononi, anangoja nimwoneshe.

Nikanyoosha mkono kuelekea mnazi ulio karibu na kisima. Nikaurudisha. Nikautazama ule ulioinama juu ya bati la jiko. Nikaitazama miwili iliyobanana kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Shangazi, aliyekuwa barazani na tasbihi yake, akaacha kuvuta punje ili asikie nitakalosema.

Sikusema kitu.

Mwishowe nikampa yule kijana nauli na nusu ya ujira wake, nikamwambia nitampigia. Akacheka bila ubaya. "Wengi husita kwenye miembe," akasema. "Kwenye minazi, wewe wa kwanza."

Swali lake likanikaa wiki tano.

## Giza

Uwanja wenyewe si mkubwa, nusu ekari hivi. Babu aliupanda zama zile watu wa kisiwani wakivukia daraja la kuelea la Nyali, lililofunguliwa 1931, kabla ya hili la zege la 1980. Yeye alipanda minazi na mipopoo miwili kando ya kisima. Bibi akapanda asumini ukutani. Babu alipofariki, kuangua nazi kukawa kwa kubahatisha. Bibi alipomfuata, kukawa hakuna kabisa. Wajukuu tuko kisiwani, Nairobi na Dubai, na kila mmoja anadhani mwenziwe amemwita mkwezi.

Nazi isiyookotwa huota. Hapo ndipo msitu wetu ulipotoka: hakuna aliyeupanda, ila kuna watu wengi hawakuinama kuokota. Nilihesabu minazi mikubwa 41. Miche niliacha kuihesabu ilipopita 30, mingine bado imekalia nazi yake kama kifaranga aliyebeba ganda. Mikindu ilikuwa imeota katikati, na pembeni mkoche mmoja ambao hakuna mtu nyumbani anayejua ulivyofika. Juu, makuti yalikuwa yamefungana, saa sita mchana ukisimama chini unaona kama magharibi imeingia.

Chini yake, vifuu vilivyojaa maji ya mvua.

Hili la vifuu si la kupitia haraka. Mwishoni mwa 2017, chikungunya ilipotuingilia Mombasa, shangazi aliugua akawa hawezi kufunga kifungo cha dirisha. Viungo vilimuuma miezi. Mbu wanaoeneza homa ile hawahitaji bwawa. Maji ya kifuu kimoja yawatosha. Tulipiga dawa ndani ya nyumba, tukanunua vyandarua, na nyuma ya ukuta tukawa na mamia ya mabakuli ya kuwalea.

Lakini nisijisifu kwamba afya ndiyo iliyonisukuma. Kilichonisukuma ni sentensi moja. Jioni ya Alhamisi moja nilimkuta shangazi anafungua kijifuko cha asumini aliyoagiza kutoka Marikiti. Akanitazama, akautazama ukuta ambapo mti wa bibi umebaki majani matupu mwaka wa tatu huu, akasema, "Nanunua asumini mie. Mie!"

Katika ukoo wetu huwezi kumwelezea mtu aibu kubwa kuliko hiyo. Bibi alikuwa akitoa vikuba vya asumini mtaa mzima.

## Nilipowanyoa

Kabla ya yule kijana wa pawa nilikuwa nimeshakosea mara moja, na kosa lile ndilo lililonifunga mdomo siku ile.

Mwezi wa Januari, kaskazi imekolea, nilimleta mtu wa kusafisha vilele. Nilikuwa nimeona minazi ya hoteli moja huko pwani ya kaskazini, imenyolewa ikabaki na makuti manane yaliyosimama wima, nikaona ndiyo usafi. Nikamwambia afanye vivyo hivyo kwenye minazi minane ya mbele. Alipomaliza, ilifanana na fagio zilizogeuzwa. Nikapiga picha. Nikamtumia kaka yangu Dubai, akanijibu kwa kidole gumba.

Masika yalipoanza, ile minane ikawa ya manjano. Makole, yale mashada ya nazi, yalianza kupinda shingo, na vidaka, nazi changa, vikamwagika chini kila asubuhi. Jirani yetu, mzee aliyekwea minazi tangu utotoni hadi magoti yalipomkatalia, akaja akasimama ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani alokuambia uwavue nguo?"

Alinieleza kwa vidole. Mnazi mzima una makuti kama thelathini, na hutoa kuti jipya moja kwa mwezi, zaidi kidogo ukishiba. Kuti hukaa miaka miwili, mitatu. Kwapani mwa kila kuti kuna kole lake, na kole linapojaa nazi hulalia shina la kuti lililo chini yake kama mtoto anavyolalia mkono. Ukilikata kuti bichi, umekata kitanda. Na si hilo tu: kuti linapozeeka huwa halijafa bure, huwa linarudisha chakula kwa wadogo zake, hasa madini ya potasi, ambayo mchanga wetu wa matumbawe hauna ya kutosha. Sehemu hii ya potasi niliisoma mwenyewe baadaye, mzee alisema tu, "Kuti la manjano lanyonyesha. Liwate likauke lenyewe."

Nilipiga hesabu. Nilikuwa nimeikata kila mnazi makuti ishirini. Kazi ya mwaka mmoja na nusu, nimeimaliza kwa asubuhi moja, nikalipia.

Kata lililokauka. Basi. Kanuni nzima ya kusafisha kilele cha mnazi inaingia ndani ya maneno mawili, na mimi nilikuwa nimeilipia kinyume chake.

## Chonga

Msiba wa pili ulikuwa chini.

Minazi miwili iliwahi kuanguka kwa upepo, mwaka sikumbuki, na magogo yake yalikuwa yamelala nyuma ya choo cha zamani. Mimi niliyapenda. Yalikuwa yameota kuvu, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria yatakuwa mipaka ya vitanda vya maua. Mzee aliliparua moja kwa panga. Ndani lilikuwa limekuwa unga, na kwenye unga ule walikuwamo funza weupe, wanene kuliko kidole gumba changu, wamejikunja kama herufi.

Chonga. Akikua anakuwa mbawakawa mweusi mwenye pembe ya kifaru, hutoka usiku, hupanda hadi kileleni na kuchimba kuelekea kuti ambalo bado halijafunguka. Ndiyo maana kuti likija kufunguka unaliona limekatwa pande zote mbili kwa umbo la V, kana kwamba fundi cherehani amelipitia na mkasi akiwa amelikunja. Nilikuwa nimeyaona makuti ya namna ile miaka yote. Nilidhani ni upepo.

Kwa hiyo nilikuwa nawafuga mimi mwenyewe, kwenye magogo niliyoyaona ni mapambo.

Magogo tuliyapasua, tukayaanika, tukayachoma. Waliokwisha kupanda, mzee alimfundisha mpwa wangu kuwatoa kwa waya wenye ncha ya ndoana, ukiuingiza kwenye tundu mpaka usikie umeshika. Kisha mchanga kwapani mwa makuti, ili umkwaruze atakayekuja. Ni kazi ya uvumilivu na inaudhi. Mpwa wangu aliipenda kuliko simu, kwa siku mbili.

## Mti usiosamehe

Katika wiki zile tano niligundua kwamba tatizo langu lilikuwa kuufikiria mnazi kama mwembe.

Mwarobaini ukiukata, mwaka ujao unachipua mara nne. Mwembe ukiuchanja ganda, hujifunika polepole mpaka kovu likamezwa. Mnazi hauna chochote cha hayo. Kwa asili yake uko upande wa nyasi na mahindi kuliko upande wa miembe: hauna ngozi hai ya kunenepesha shina wala kuziba jeraha. Yale mapago ambayo wakwezi wa babu walichonga ili waweke vidole vya miguu yapo pale pale, upana ule ule, yanashika maji ya mvua mpaka leo. Nilikuwa nikiyapenda kama ngazi za hadithi. Sasa nikiyatazama naona vidonda.

Na una sehemu moja tu ya kukulia, kule juu kabisa, shaha. Ikifa hiyo, umekufa. Hakuna tawi la akiba.

Ila kuna wema wake. Kaka alikuwa akisisitiza tuing'oe yote kwa sababu mizizi "itavunja msingi". Mizizi ya mnazi ni kama kamba, maelfu, na haineneni. Ukuta wetu ulipasuka kwa sababu ya mwarobaini uliojiotea, ambao kaka anaupenda kwa sababu ni dawa. Nilimwandikia hivyo. Hakujibu, jambo ambalo kwa kaka yangu ni kukubali.

Mzee pia alinionesha kusoma shina. Pale linapobana kama kiuno, hapo palikuwa na kiangazi. Linapopanuka tena, mvua zilirudi. Kiuno kilekile kilikuwa kwenye minazi yote ya zamani, karibu kimo kimoja, na kwenye ile iliyojiotea hakikuwapo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona.

## Hatua kumi na mbili

Kama minazi yenye kiuno ndiyo ya babu, basi naweza kuijua ya babu na isiyo ya babu. Nilichukua mkebe wa chokaa nikaitia alama ya kwanza. Ilikuwa 24. Kisha nikarudi barazani, nikaketi alipokuwa akiketi yeye, nikatazama.

Mistari.

Ilikuwa minne, imenyooka, kutoka kisimani hadi ukuta wa nyuma, hatua kumi na mbili kutoka mnazi hadi mnazi, yaani kama mita tisa. Baadaye nilikuta mita tisa ndiyo nafasi ambayo vitabu vya kilimo huitaja kwa minazi mirefu ya kwetu. Babu hakuwa na kitabu. Alikuwa na miguu. Ile 17 iliyoota yenyewe ilikuwa imeufunika mpango wake kama mtu aliyeandika juu ya barua.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikanunua tepe, nyekundu ya kukatwa na nyeupe ya kubaki, nikafunga nyekundu kwenye yote 17 jioni ileile, nikalala kama mtu aliyemaliza mtihani.

Asubuhi mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mitatu ya tepe nyekundu ilikuwa ndiyo inayokinga jua la saa tisa lisiingie chumbani mwa shangazi. Mmoja ulikuwa na mbayuwayu. Wako wa aina ambayo hugundisha kiota kwa mate kwenye kuti kavu linaloning'inia. Kuti lile lile ambalo ndiyo kwanza nimejifunza kwamba ndilo pekee linaloruhusiwa kukatwa. Na minana, ambao huchana majani ya mnazi wapate nyuzi za kusukia, walikuwa wamejaa kwenye mmoja ambao kwa mstari haukuwa na haki yoyote ya kuwa pale.

Upande wa pili, mnazi wa babu mmoja, mwenye tepe nyeupe, ulikuwa na kilele kilichokwisha kuliwa na chonga. Ukisimama kwa heshima tu.

Nilibadilisha tepe. Usiku nikabadilisha tena. Mpwa wangu akawa anaamka anauliza, "Leo nani kahukumiwa?"

Halafu kukawa na majimoto, wale sisimizi wekundu. Wamejaa vileleni, wanashona majani, na ukisimama chini ya kuti lao unacheza ngoma usiyoijua. Nilitaka dawa ipigwe kabla ya pawa. Mzee akaniambia nithubutu. Majimoto ndio askari: humfukuza yule mdudu afyonzaye vidaka vikaanguka kabla ya wakati wake. Si maneno ya wazee peke yake. Watafiti wa kilimo waliofanya kazi Unguja miaka ya 1950 walilichunguza jambo hilo sana. Shida ni kwamba majimoto hutembea juu kwa juu, kuti kwa kuti. Nikipunguza minazi mpaka vilele visigusane, nimewavunjia daraja.

Nuru ya asumini kwa upande mmoja, njia ya sisimizi hawa wekundu kwa upande mwengine. Nilikaa na hilo siku nne bila kugusa tepe hata moja.

Jibu la mzee lilikuwa la kuchekesha. "Wafungie kamba." Kamba ya katani, mnazi hadi mnazi. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania, na leo ukija Kisauni utaona nyuzi nne juu ya uwanja wetu ambazo wageni hudhani ni za kuanikia nguo.

## Kwenye machimbo

Katikati ya kusita kwangu nilimpeleka mpwa Haller Park, ile bustani ya wanyama, kwa ajili ya twiga, si kwa ajili yangu. Wengi wetu tumepelekwa pale na shule tukakumbuka kiboko tu. Safari hii nilisoma mabango. Pale palikuwa machimbo matupu ya saruji, mwamba na maji ya chumvi, na René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971 alijaribu aina 26. Zilizoshika ni tatu. Mvinje ni mmojawapo, na mnazi ni mwengine.

Nilisimama pale mpwa akinivuta mkono. Nimekuwa nikihangaikia minazi yangu kama mayai, nayo ni jamii iliyokubali kuishi mahali ambapo hata magugu yalikataa.

Nililojifunza zaidi lakini lilikuwa la jongoo. Majani ya mvinje yalikuwa yakilundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Nyumbani tulikuwa tunachoma kila kitu. Tangu siku ile makumbi hatuchomi. Tunayapanga chini ya minazi, mgongo juu, tabaka jembamba. Yanashika unyevu, na ndani yake kuna ile potasi niliyoinyang'anya minazi minane. Jongoo wamekuja wenyewe. Magogo, la. Jongoo karibu, chonga hapana.

## "Ule si wetu"

Nilipofikiri nimemaliza, tepe 13 nyekundu zimetulia wiki nzima, nikamtembeza shangazi kumwonesha. Alikubali wa kwanza, wa pili, akauomboleza kidogo wa tano. Tulipofika kwenye ule ulioinama juu ya bati la jiko, ambao kwangu haukuwa na mjadala, akaifungua tepe kwa mkono wake.

"Ule si wetu."

Nikamwuliza ni wa nani, maana umeota ndani ya ukuta wetu.

Akaniambia. Babu alikuwa na mkwezi, mtu mmoja kwa miaka yote. Mwaka mmoja pesa hazikuwapo, akamlipa mnazi. Si nazi, mnazi. Shina hadi kilele, yeye na kizazi chake. Udongo ukabaki wetu. Yule mama anayekuja na gunia kila kabla ya Ramadhani, ambaye mimi miaka yote nilidhani ni mteja wa shangazi asiyelipa, ni binti wa yule mkwezi.

Sisi wa Mombasa tumezaliwa ndani ya habari za nyumba bila ardhi. Nusu ya marafiki zangu wa Majengo wamekulia kwenye nyumba ambayo kuta ni zao na udongo ni wa mtu mwengine. Na huku bara ya pwani, miti kurithiwa na kuwekwa rehani mbali na shamba lake ni jambo la tangu enzi. Haya yote nilikuwa nayajua kama maarifa. Sikujua kwamba yako nyuma ya jiko letu.

Karatasi haipo. Kuna shangazi tu. Na kaka, nilipomweleza, akasema karatasi ikiwa haipo basi mnazi ni wetu, tukate. Nilitamani kwa dakika chache awe na haki. Mnazi ule ni hatari ya kweli: nazi ikidondoka toka kimo kile inalitoboa bati, na asubuhi shangazi ndiye anayekaa chini yake.

Nikafunga tepe mbili, nyekundu na nyeupe pamoja, nikampigia simu kijana wa pawa aje kwa ile mingine.

## Siku ya pawa

"Haya. Nianze na upi?"

Safari hii nilikuwa na jibu: na mdogo kuliko yote, kisha tusimame tuangalie. Akaona ninampotezea muda, nami nikamlipa muda wake. Tulikata mitano Jumamosi ya kwanza, tukangoja wiki, tukakata sita Jumamosi ya pili. Wa kumi na mbili ni wa mbayuwayu; unangoja makinda yaruke.

Mnazi hauanguki kama mwembe, ambao matawi yake huuteremsha. Mnazi huja mzima mzima, na kishindo chake unakisikia kwa magoti. Mnyororo wa pawa ulibutuka mara nne, kwa kuwa ugumu wa mnazi uko nje na ndani ni laini. Mbao za nje amezichukua fundi atufanyie benchi. Makuti mabichi, mama wawili wa mtaa wameyasuka ya banda. Miche tuliigawa kila mmoja na nazi yake, na ile iliyokuwa haifai tuliipasua mpwa akala joya la ndani mpaka tumbo likamkatalia.

Na tulikula shaha. Mwororo, mweupe, tuliukamulia ndimu na pilipili. Shaha huupati mpaka mnazi ufe, na kwa hiyo tangu utoto wangu niliula mara moja tu. Shangazi aliutafuna macho amefumba. Sisi tunamwita bingwa wa washairi shaha, na siku ile nilijua neno limetoka mahali pazuri hata kama wanaisimu watanikatalia. Ofisini niliposema wikendi nzima nilikuwa kwenye mnazi na nikala shaha, walisikia neno la kwanza tu, wakadhani ni ile pombe ya mnazi, wakaniuliza ni mangwe gani.

Nuru ilishuka. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Saa nne asubuhi ilipiga ukutani, juu ya asumini, na ukuta ulikuwa na rangi ambayo mimi sikuwa nimewahi kuiona: bluu ya zamani, ya babu. Pepo za kusi zikapita katikati ya mistari mpaka barazani, zikageuza ukurasa wa msahafu wa shangazi kabla hajamaliza.

Siku 40 baadaye asumini ilikuwa na vitumba kumi na kimoja. Shangazi alivihesabu mwenyewe na hakuruhusu mtu asogee.

## Yule mama

Alikuja wiki iliyopita na gunia lake. Nilimkaribisha chai, jambo ambalo miaka yote sikulifanya. Nikamwambia ukweli: mnazi wako nataka kuukata, na sitaukata mpaka useme.

Aliutazama kwa muda. Akasema babake aliupenda kwa sababu umeinama, ulimpunguzia kazi ya kukwea. Kisha akasema sawa, bati ni bati, na shangazi ni mtu mzima. Lakini apewe mwengine mahali pake.

Nikamwambia achague. Wowote kati ya ile iliyobaki.

Akavua viatu akaingia katikati ya mistari, taratibu, akigusa mashina. Nikamfuata na tepe. Nilimwonesha ule ulionyooka kuliko yote, nikamweleza habari ya kiuno na kiangazi, nikamwonesha unaotupa kivuli kizuri saa tisa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Sawa, mwenzangu," akasema. "Unaozaa sana ni upi?"

Wiki zote zile, tepe zote zile. Niliitazama minazi yangu ishirini na minane, mmoja baada ya mwengine.

Nikaenda kumwita mzee.